Sura ya Nne: Mamlaka Yanaanzia Ufuoni

Port Victoria ilipata jina kubwa kabla ya kupata bandari. Mwaka 1891 na 1892, kikosi cha Kapteni J. R. L. Macdonald kilipima njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, na mpango wa awali ulikuwa reli iishie kwenye Ghuba ya Berkeley, hapa Bunyala. Baadaye wakubwa wakabadili nia. Reli ikaelekezwa Ghuba ya Winam, ikafika Port Florence, Kisumu ya leo, Desemba 1901. Aprili 1902 London ikaukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuunganisha na Himaya ya Afrika Mashariki. Wanyala, wenyeji wa Bunyala, waliolala Uganda wakaamka upande wa pili. Wasamia na Wateso, ambao makazi yao yanapita miji ya mpakani ya Busia na Malaba, wakajikuta na ndugu zao ng'ambo ya mpaka.

Reli ilipelekwa kwingine na nchi ikabadilishwa, na katika yote mawili wenyeji hawakuulizwa. Chifu hakuitwa atoe maoni ya watu wake, wala mvuvi hakuambiwa kulikuwa na jambo la kuamuliwa. Sura hii inahusu haki ya kuulizwa na ile haki kubwa zaidi, ya kujiuliza wenyewe bila kungoja mkubwa aanze. Wakenya wanayo haki hiyo kwa maandishi tangu 27 Agosti 2010, siku Katiba mpya ilipozinduliwa. Ninaandika kwa sababu naamini tumeitumia vibaya: tumeipeleka juu, kwenye mambo ya wakubwa, tukaiacha ilale chini, kwenye wadi na fuo zetu, mahali ambapo ingefanya kazi.

Njia tatu

Kifungu cha 1 cha Katiba kinasema mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya, na kwamba wanaweza kuyatumia moja kwa moja au kupitia wawakilishi wanaowachagua. Maneno hayo "moja kwa moja" ndiyo yanayotuhusu. Katiba na sheria zilizoifuata zimeyapa njia tatu.

Ya kwanza ni mpango wa wananchi, ulioko Kifungu cha 257. Wapiga kura wasiopungua milioni moja wakitia sahihi, wanaweza kuanzisha mabadiliko ya Katiba bila kumwomba mbunge yeyote ruhusa. Sahihi zinakwenda kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Zikithibitishwa, mswada unapelekwa kwa mabunge yote 47 ya kaunti, na kila moja lina miezi mitatu ya kuamua. Mabunge mengi yakikubali, yaani 24 au zaidi, mswada unaingia Bunge la Taifa na Seneti.

Ya pili ni kura ya maoni. Mswada ukigusa mambo mazito, kama muhula wa rais, haki za msingi, mipaka ya nchi au ugatuzi, lazima urudi kwa wananchi. Ili upite, waliopiga kura wafike angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa katika angalau nusu ya kaunti, na wanaoukubali wawe wengi kuliko wanaoukataa.

Ya tatu ni haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muhula wake kwisha. Iko Kifungu cha 104. Kwa mwakilishi wadi, haki hiyo iko katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Kura ya maoni tumeionja mara mbili, mara zote juu ya Katiba mpya. Tarehe 21 Novemba 2005, wenye kura ya ndizi walisema ndiyo, wenye chungwa wakasema hapana, na chungwa likashinda kwa takribani asilimia 58. Tarehe 4 Agosti 2010 rangi ya kijani iliishinda nyekundu kwa theluthi mbili ya kura. Kura hizo mbili zinastahili heshima. Ile ya 2005 ilionyesha kwamba serikali iliyo madarakani inaweza kushindwa kwa karatasi na ikakubali. Njia mbili zilizobaki zina historia nyingine kabisa, na hapo ndipo pa kukaa kidogo.

Sahihi za wakubwa

Tangu 2010 mipango mitatu mikubwa ya sahihi imefika IEBC, na yote mitatu iliongozwa na wanasiasa.

Wa kwanza ulikuwa Okoa Kenya wa muungano wa CORD, uliokuwa ukiongozwa na Raila Odinga, Kalonzo Musyoka na Moses Wetang'ula. Walipeleka sahihi takribani milioni 1.6. Machi 2016 tume ikatangaza kwamba zilizokuwa halali ni 891,598 tu. Mpango ukafia hapo.

Wa pili ulikuwa Punguza Mizigo wa Ekuru Aukot na chama cha Thirdway Alliance. Huu ulipita kwenye tume mwaka 2019, sahihi zake zikizidi milioni 1.2. Ulitaka wabunge wapunguzwe kutoka 416 hadi 147. Uliangukia kwenye mabunge ya kaunti. Mabunge mengi yaliukataa, na si ajabu: mswada wa kupunguza vyeo uliletwa mbele ya watu wanaoishi kwa vyeo.

Wa tatu ulikuwa BBI (Building Bridges Initiative), uliotokana na salamu za mkono za Uhuru Kenyatta na Raila Odinga tarehe 9 Machi 2018. Huu ulikuwa na mashine ya serikali nyuma yake. Sahihi zilizokusanywa zilitajwa kuwa zaidi ya milioni 4, na tume ikathibitisha kwamba kiwango cha milioni moja kimepitwa. Februari 2021 mabunge ya kaunti zaidi ya 40 yaliuidhinisha ndani ya wiki chache, Busia, kaunti yetu, ikiwa miongoni mwao. Wakati huohuo wawakilishi wadi walikuwa wameidhinishiwa ruzuku ya shilingi milioni 2 kila mmoja ya kununua gari. Mswada huo ungeongeza majimbo 70.

Tarehe 13 Mei 2021 Mahakama Kuu iliuzuia. Agosti mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono zuio hilo. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikatoa neno la mwisho: rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa njia ya mpango wa wananchi. Njia hiyo ni ya mwananchi wa kawaida, na rais anayo njia yake nyingine kupitia Bunge.

Nauona uamuzi huo kama mmoja wa maamuzi muhimu zaidi ya mahakama zetu. Majaji waliurudisha mpango wa wananchi kwa wenyewe. Lakini uamuzi huo haukuondoa tatizo la chini yake, ambalo ni namna sahihi zinavyokusanywa. Fomu yenyewe ina nafasi chache tu: jina, namba ya kitambulisho, mahali ulikosajiliwa, sahihi. Anayekuja nayo mara nyingi ni kijana aliyetumwa na mwanasiasa wa eneo, na mswada wenyewe hauko mkononi mwake. Mwananchi anatia sahihi kwa sababu anamjua kijana, au kwa sababu chifu amesema, au kwa sababu foleni ni fupi. Na IEBC ilipozihakiki sahihi za BBI, haikuwa na hifadhi ya sahihi za wapiga kura ya kulinganishia. Ilichoweza kuhakikisha ni kwamba mwenye jina amesajiliwa. Kama aliisoma hoja, au kama mkono ulioandika ulikuwa wake, hilo halikuwa na wa kulijibu.

Sahihi ya namna hiyo haina uzito wa uamuzi. Ni idadi tu, na idadi inakusanywa na mwenye mafuta ya gari.

Mbunge asiyerudishwa

Kifungu cha 104 kiliagiza Bunge litunge sheria ya namna ya kumrudisha mbunge. Bunge likaitunga kwa uangalifu wa mtu anayejichimbia ngome. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ilisema mbunge anaweza kuondolewa kwa sababu chache tu, na sababu hizo zithibitishwe kwanza na Mahakama Kuu. Ombi lisiletwe kabla ya miezi 24 tangu uchaguzi, wala katika miezi 12 ya mwisho kabla ya uchaguzi unaofuata. Sahihi ziwe asilimia 30 ya wapiga kura wa jimbo, na katika zaidi ya nusu ya wadi zifike asilimia 15. Aliyegombea kiti hicho akashindwa haruhusiwi kuanzisha ombi.

Lichukue jimbo la Budalang'i, ambamo Port Victoria imo. Lina wadi nne: Bunyala ya Kati, ya Kaskazini, ya Magharibi na ya Kusini. Anayetaka kumrudisha mbunge angehitaji kwanza wakili wa Mahakama Kuu, halafu miguu ya kupita wadi zote, zikiwemo sehemu ambazo Mto Nzoia ukifurika hazipitiki ila kwa mashua. Mvuvi anayelala mchana kwa sababu alikesha akivua omena kwa taa angeipata wapi nauli, achilia mbali ada ya wakili?

Mwaka 2017 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na Katiba Institute na wenzao, ilibatilisha sehemu kubwa ya masharti hayo ikisema yanaifanya haki ya Kifungu cha 104 kuwa jina tupu. Ulikuwa ushindi, ila ulileta pengo. Bunge halikulijaza kwa sheria mpya ya kuwahusu wabunge. Kwa wawakilishi wadi sheria ilirekebishwa mwaka 2020. Matokeo yake ni kwamba leo mwakilishi wadi anaweza kuombewa kuondolewa, lakini mbunge na seneta wanalindwa na ukimya wa sheria ambayo wao wenyewe ndio wenye kazi ya kuitunga. Tangu 2010 hakuna mbunge hata mmoja wa Kenya aliyerudishwa nyumbani na wapiga kura wake katikati ya muhula.

Hata kwa mwakilishi wadi muda ni mfupi. Uchaguzi ulikuwa 9 Agosti 2022, unaofuata ni Agosti 2027. Ukitoa miezi 24 ya mwanzo na 12 ya mwisho, nafasi inakuwa kuanzia Agosti 2024 hadi Agosti 2026. Karibu nusu ya nafasi hiyo ilipotea bure kwa sababu IEBC haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, Erastus Ethekon na wenzake walipoapishwa. Vijana walioandamana Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walidai kuwaondoa wabunge wao. Sheria haikuwapo, na tume ya kupokea ombi haikuwapo.

Ng'ambo ya mpaka

Ukivuka Busia au Malaba unakuta somo lingine. Katiba ya Uganda ya 1995, Kifungu cha 84, iliwapa wapiga kura haki ya kumwita mbunge wao arudi, kwa sahihi za theluthi mbili ya waliosajiliwa katika jimbo, ikiwa hana uwezo wa kimwili au kiakili, amekosa maadili, au amewatelekeza wapiga kura bila sababu. Kiwango kilikuwa kikali mno, lakini haki ilikuwapo. Mwaka 2005 Waganda walipiga kura ya maoni tarehe 28 Julai na kurudisha mfumo wa vyama vingi kwa zaidi ya asilimia 90. Katika mabadiliko ya Katiba ya mwaka huohuo kikaingizwa kipengele kidogo kinachosema haki ya kumrudisha mbunge itakuwapo tu wakati mfumo wa Harakati, yaani ule wa siasa bila vyama, unapofanya kazi. Vyama viliporudi, haki ikaondoka.

Waganda wanayo pia kumbukumbu njema. Novemba 1964 wakazi wa Buyaga na Bugangaizi, kaunti zilizochukuliwa na Buganda wakati wa ukoloni, waliulizwa kwa kura wanataka kuwa wapi. Wakachagua kurudi Bunyoro. Kura hiyo ilileta mvutano mkubwa Kampala, lakini iliwauliza watu wa mahali husika, juu ya jambo waliloliishi kila siku. Ndilo swali ambalo Wanyala, Wasamia na Wateso hawakuulizwa mwaka 1902.

Somo la ng'ambo ni kwamba haki iliyoandikwa tu, isiyotumika, inafutwa kwa mstari mmoja na hakuna wa kuilia. Hakuna mbunge wa Uganda aliyezuiliwa usingizi na Kifungu cha 84, na kilipozimwa hapakuwa na jimbo lililosimama kukitetea.

Baraza la ufuoni

Sasa turudi ufuoni, kwenye kitu ambacho watu wa Port Victoria wanakijua bila kufundishwa na mtu yeyote kutoka Nairobi.

Kanuni za Uvuvi za 2007 ziliweka katika kila bichi Kikundi cha Usimamizi wa Ufuo, ambacho kila mtu anakiita BMU. Wanachama wake ni watu wote wanaokula kutokana na samaki mahali hapo: wenye mashua, wavuvi vibarua, wachuuzi, wakaushaji wa omena, mafundi wa mashua na nyavu. Baraza la wanachama wote ndilo lenye mamlaka ya juu. Linachagua kamati tendaji ya watu 9 hadi 15, na kamati yenyewe imepangwa ili wenye mashua wasiimeze: wao wanapata asilimia 30 ya viti, vibarua 30, wachuuzi 10, na makundi mengine 30. Wanawake wasipungue watatu. Baraza linaweza pia kumwondoa kiongozi wa kamati aliyeharibu.

Tazama mambo yanayoletwa hapo. Ushuru wa kupakulia samaki uwe kiasi gani? Nani amekamatwa na nyavu zenye matundu madogo, na afanywe nini? Omena inapofungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, nani analinda? Mashua ikikamatwa upande wa Uganda, nani anakwenda kuzungumza na wenzetu wa ng'ambo? Watu wanasimama, wanapingana, na mwisho wanaamua. Kila anayeinua mkono anajua gharama ya uamuzi huo mfukoni mwake kesho asubuhi. Mama anayenunua omena kwa debe hahitaji kueleweshwa maana ya kifungu cha ushuru.

Sisemi BMU ni pepo. Mwenye mashua nyingi ana sauti ndefu hata pale kanuni zinapompa viti vichache, kwa kuwa kibarua atainua mkono vipi dhidi ya mtu anayempa kazi usiku? Wakenya walioishi mwaka 1988 wanakumbuka mlolongo, wapiga kura wakipanga mstari hadharani nyuma ya wagombea wa KANU, chama pekee wakati huo, na aliyetangazwa kupata asilimia 70 akipita bila kupingwa. Kura ya wazi inamlinda mwenye nguvu. Na wanawake wa fuo za ziwa hili wameishi kwa muda mrefu na mila ya jaboya, ambapo kupata samaki kunadaiwa kwa mwili. Viti vitatu vya kanuni ni mwanzo tu, na kura ya siri ndiyo inayovipa meno.

Pamoja na kasoro hizo, pale bichi pana vitu viwili vilivyokosekana katika Okoa Kenya, Punguza Mizigo na BBI: mwenye kuamua analijua jambo lenyewe, na aliyechaguliwa anaonekana kila siku. Vikiwapo hivyo, kumwondoa kiongozi si tukio la kitaifa. Ni ajenda ya kikao.

Kifungu ambacho hakijaguswa

Kuna kifungu katika Sheria ya Serikali za Kaunti ambacho ningetamani kibandikwe kwenye kila ofisi ya wadi: Kifungu cha 90. Kinasema serikali ya kaunti inaweza kuendesha kura ya maoni ya mahali kuhusu sheria zinazopendekezwa na maombi ya wananchi, au kuhusu mipango na uwekezaji unaogusa kaunti, pale ombi linapotiwa sahihi na angalau asilimia 25 ya wapiga kura wa eneo litakalopiga kura. Vifungu vya 88 na 89 vinampa mwananchi haki ya kuiandikia kaunti ombi na kuilazimu kaunti ijibu.

Hesabu yake inafikika. Wadi yenye wapiga kura 10,000 inahitaji sahihi 2,500. Hizo zinaweza kukusanywa na kina mama wa soko, BMU mbili tatu, makanisa, misikiti na vijana wa bodaboda, bila helikopta ya mtu.

Na mambo ya kuulizia yako tele Bunyala. Kila Nzoia inapojaa, kama ilivyokuwa mwaka 2020 mto na ziwa vilipopanda pamoja, mamia ya familia zinahamia kwenye tuta na shuleni. Kila baada ya mafuriko kunakuja mpango: kingo za mto zijengwe upya, watu wahamishwe, mashamba ya mpunga yapanuliwe. Je, ardhi ya kinamasi ilimwe au ibaki mazalio ya samaki? Fedha za kaunti zijenge kwanza kingo au gati? Hayo ni mambo ya mipango na uwekezaji, yaani yale hasa yanayotajwa na Kifungu cha 90.

Yapo maonyo kutoka kwa waliotutangulia. Uswisi, ambako sahihi 100,000 katika miezi 18 zinapeleka hoja kwa kura ya taifa, asilimia 57 ya wapiga kura mwaka 2009 walipiga marufuku ujenzi wa minara mipya ya misikiti. Wengi wakiachiwa waamue haki za wachache, wanaweza kuwaonea kihalali. California, ambako ombi la kumwondoa gavana linahitaji sahihi sawa na asilimia 12 ya kura za uchaguzi uliopita, walimwondoa Gray Davis mwaka 2003, lakini makampuni ya kulipa wakusanyaji wa sahihi yamekuwa biashara kamili. Basi kura ya mahali iwe juu ya barabara, kingo, ushuru na ardhi ya umma. Isiwe juu ya nani ana haki ya kuishi Port Victoria, au kabila lipi livue wapi. Na anayekusanya sahihi atangaze nani amemlipa.

Tufanye nini

Napendekeza mambo matatu, na nayasema kwa watu wa Busia kwanza.

Wabunge wanaotoka kaunti hii, pamoja na wenzao, watunge upya sheria ya Kifungu cha 104. Kiwango cha sahihi kinaweza kuwa cha juu, ila njia isipite kwa wakili. Mbunge anayeogopa sheria hiyo aulizwe hadharani anachokiogopa.

Kila fomu ya sahihi iandamane na muhtasari wa hoja kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, usomwe kwa sauti katika baraza kabla kalamu haijatolewa. Asiyesomewa asitie sahihi, hata kama aliyekuja na fomu ni shemeji yake.

Na kabla ya mpango wowote wa sahihi milioni moja, tuanze na ombi moja la asilimia 25, katika wadi moja, juu ya jambo moja ambalo watu wake wanalijua. Lishinde au lishindwe, wadi hiyo itakuwa imejifunza kuhesabu watu wake, kusikiliza wanaopinga na kuilazimu kaunti kujibu kwa maandishi. Wadi ya jirani itaona jinsi inavyofanyika. Watu waliokwisha kuamua kuhusu gati yao hawataweza tena kuletewa Katiba nzima usiku na kuambiwa watie sahihi hapa chini.